Weupe wa Jino na Usafi wa Kinywa

Tunapoandika juu ya utamaduni wa taifa letu, kwa kawaida tunaanza na ngoma, hadithi, mavazi, vyakula na sanaa za mikono. Ni nadra sana kwa mwandishi kuanza na meno. Hata hivyo, sidhani kama kuna viungo vingi vya mwili ambavyo jamii zetu zimevishughulikia kama zilivyolishughulikia jino. Wamakonde waliyachonga meno yao yakawa na ncha. Wamasai waliyang'oa mawili ya mbele, ya taya la chini. Wanawake wa mwambao walitafuna tambuu mpaka kinywa kikaiva wekundu, na wekundu huo ukahesabiwa kuwa pambo sawa na hina na wanja. Jino la dhahabu nalo lilipata wapenzi wake huko pwani, na mwanya umesifiwa kutoka Lamu hadi Ziwa Viktoria. Jino, kwa hiyo, halikuwa chombo cha kutafunia tu. Lilikuwa mahali ambapo jamii iliandika maoni yake juu ya uzuri, ukoo na heshima.

Swali ninalotaka kulijadili hapa ni dogo kwa sura yake: je, ni jambo jema mtu kuyafanya meno yake yawe meupe kuliko alivyojaliwa? Na kama ni jema, au walau halina ubaya, ni kwa gharama gani? Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la kinamama na vijana, lisilostahili kalamu ya mtu mzima. Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo hadi lilipoingia nyumbani mwetu.

Miaka michache iliyopita binti wa marehemu kaka yangu alikuwa akijiandaa kuolewa. Ukoo wetu umetapakaa katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, na binti huyo alilelewa na bibi yake upande wa Kyerwa, mbele kidogo ya Nkwenda. Siku ya utambulisho, mmoja wa wageni wa upande wa mume alisema kwa mzaha kwamba bibi harusi ana meno ya rangi ya buni. Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini tangu jioni ile alianza kazi ambayo hakumshirikisha mtu. Kila asubuhi alisugua meno kwa maji ya ndimu yaliyochanganywa na soda ya kuokea. Kila usiku alisugua kwa majivu ya jikoni. Mafunzo hayo aliyapata katika simu yake, ambamo watu wasiojulikana huwafundisha wenzao kila jambo bila ya kuulizwa walisomea wapi.

Juma la kwanza meno yaling'aa, akafurahi. Juma la tatu hakuweza kunywa maji ya mtungi. Uji vuguvugu ulimtoa machozi. Nilipofika kwa ajili ya maandalizi nilimkuta akizungumza huku ameziba mdomo kwa kiganja, na alipokiondoa niliona kwamba kingo za meno ya mbele zimekuwa nyembamba kama ukucha. Bibi yake, ambaye hajui kusoma, alikuwa ameketi kwenye mkeka akimtazama. Akamwuliza, "Mjukuu wangu, nani amekuambia kwamba kahawa ni uchafu?"

Binti hakujibu. Mimi, niliyefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, nilikuwa na majibu mengi juu ya afya ya kinywa, lakini kwa swali lile sikuwa na jibu. Au tuseme nilikuwa nalo, nikaona haya kulisema. Kwa maana nilikumbuka siku alipomaliza darasa la saba, tulipojipanga mbele ya darasa kupigwa picha. Nilimwambia: "Fumba mdomo, mwanangu, picha ipendeze." Alikuwa na miaka kumi na minne. Hakuna mgeni wa harusi aliyekuwa amesema neno bado.

Ili msomaji asiyetoka kwetu aelewe uzito wa swali la bibi, yafaa nieleze kahawa ni nini katika nchi ile. Watu wengi huko nje wanaijua kahawa kuwa ni kinywaji. Kwetu, kabla haijawa kinywaji, na muda mrefu kabla haijawa zao la kuuzwa kwa mnada, kahawa ilitafunwa. Buni huchumwa pamoja na ganda lake, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa juani mpaka ikauke. Hufungwa katika vipande vya jani la mgomba. Jirani zetu Wahaya huiita akamwani, na hata leo abiria anayepita stendi ya Bukoba atauziwa vifurushi vyake. Mgeni akiingia nyumbani hupewa buni kabla hajaulizwa habari aliyoijia. Kumpa mgeni maji bila buni ni kumwambia kwamba hakutarajiwa. Zaidi ya hayo, tunda la kahawa huwa na punje mbili zilizokumbatiana ndani ya ganda moja, na kwa sababu hiyo lilitumika katika undugu wa kuchanjiana: kila mmoja wa marafiki wawili alikula punje iliyopakwa damu ya mwenzake, na tangu siku ile wakawa ndugu, wasioweza kudhuriana wala kunyimana.

Sasa, buni hiyo, kama chai na tumbaku, ina rangi inayoshika jino. Mzee aliyekaribisha na kukaribishwa kwa miaka hamsini huwa na meno ya hudhurungi. Kwa macho ya bibi yule, rangi ile haikuwa uchafu hata kidogo. Ilikuwa ni daftari la wageni. Mtu mwenye meno meupe pe katika uzee wake angeweza hata kushukiwa uchoyo, kwamba pengine hana wa kutafuna naye.

Hapa ndipo tunapopaswa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku imeyachanganya, yaani usafi na weupe. Katika Kiswahili twasema "moyo mweupe" kwa maana ya moyo usio na hila, na mtu akitaka kusifu shuka iliyofuliwa vizuri atasema kwamba ni nyeupe. Polepole tumefikia kuamini kwamba kisicho cheupe si safi. Lakini Kiswahili hicho hicho kina neno la uchafu wa meno, nalo ni ukoga. Ukoga ni utando laini unaojijenga juu ya jino na pembezoni mwa ufizi kutokana na masalia ya chakula na vijidudu. Ndio unaooza, ndio unaonuka, ndio unaotoboa jino na kulegeza ufizi, na ukiachwa hugeuka kuwa gumu kama chokaa. Ukoga unaweza kuwako juu ya jino jeupe kabisa, na jino la rangi ya buni laweza kuwa halina ukoga hata chembe. Mwenye ukoga ana deni kwa nafsi yake na kwa wale anaozungumza nao. Mwenye rangi ya buni hana deni kwa mtu yeyote.

Tena kuna jambo ambalo laiti ningalilijua siku ya picha ile. Jino la mwanadamu halikuumbwa jeupe. Sehemu yake ya nje ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote katika mwili, ambacho asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini. Enameli hupitisha mwanga kiasi, kama kioo chenye ukungu. Chini yake kuna dentini, nayo kwa asili ina rangi ya manjano. Rangi tunayoiona tukitazama jino ni ile ya ndani ikipenya ya nje. Kadiri umri unavyoendelea enameli hupungua na dentini huongezeka, hivyo meno ya mtu mzima huwa na manjano zaidi kuliko ya kijana, hata kama maisha yake yote hakuonja kahawa. Chembe hai zilizoijenga enameli hutoweka jino linapotokeza katika ufizi. Kwa hiyo enameli iliyokwisha kulika haioti tena, tofauti na ngozi au mfupa.

Tazama basi mkasa uliompata binti yetu. Enameli huanza kuyeyuka uchachu unapofika kiasi cha 5.5 kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Soda ya kuokea peke yake si kitu kikali sana, lakini kulilainisha jino kwa ndimu halafu ukalisugua papo hapo ni sawa na kuloweka udongo wa ukuta kisha ukaupiga fagio. Majivu nayo yana chembechembe zinazokwaruza, wala hakuna anayejua ukubwa wake ni upi jikoni mwake siku hiyo. Mkaa uliosagwa, ambao siku hizi unauzwa hata katika vikopo vya kupendeza, umechunguzwa. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwapo, nayo yakaona kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba mkaa huo ni salama wala kwamba unafanya kazi inayodaiwa. Kilichong'aa juma la kwanza kilikuwa ni kuondoka kwa rangi ya buni iliyokuwa juu. Kilichofuata kilikuwa ni kuondoka kwa jino lenyewe. Na kwa kuwa enameli ikipungua dentini huonekana zaidi, yule anayesugua ili apate weupe huishia kupata manjano, na ganzi juu yake.

Katika jambo hili wazee wetu hawakuwa wajinga kama tunavyodhani. Neno "mswaki" ambalo leo twalitumia kwa kifaa cha plastiki, asili yake ni kijiti cha mti, kinachotafunwa ncha mpaka nyuzi zake zilainike. Kijiti kile kilitumika taratibu, baada ya chakula, kwa muda mrefu, mtu akiwa anatembea au anachunga. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mahali ambapo ni desturi ya watu. Kazi yake ilikuwa kuondoa ukoga, si kubadili rangi. Leo tunayo dawa ya meno yenye madini ya floraidi, ambayo huimarisha enameli, na anayeweza kuipata asiikatae kwa kisingizio cha mila. Mswaki wenye nyuzi laini, mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na kutema povu bila kusukutua kwa maji mengi. Kusukutua kwa maji matupu mara baada ya kutafuna buni au kunywa chai. Kungoja nusu saa au zaidi baada ya kula kitu kichachu kabla ya kupiga mswaki. Hayo ndiyo mtu anayoweza kuyafanya nyumbani bila hofu, na baada ya wiki kadhaa ataona kwamba meno yake yamerudia rangi yake ya kweli. Si meupe kama karatasi, ni rangi yake. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa kusugua, unatolewa na mganga wa meno, na anayejaribu kuubandua kwa sindano au kisu atajijeruhi ufizi.

Lakini msomaji makini ataniambia kwamba nimelikwepa swali. Tumekubali kwamba ndimu na majivu ni mabaya. Je, kama ipo njia isiyo na madhara? Hapo afya inanyamaza, na maadili peke yake ndiyo yanayopaswa kusema.

Njia hiyo, kwa kiasi fulani, ipo. Mwaka 1989 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Haywood na Heymann, walitangaza namna ya kuyang'arisha meno usiku, mtu akiwa amelala kwake, kwa dawa iliyotiwa katika kifuniko chembamba kilichofinyangwa kwa umbo la meno yake. Dawa hiyo hutoa peroksidi ya hidrojeni, ambayo haikwaruzi. Hupenya ndani ya jino na kuzivunja chembe za rangi. Ganzi inayotokana nayo kwa kawaida hupita. Hata hivyo, nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012, zimeagiza kwamba dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksidi isiuzwe kwa kila mtu. Yenye hadi asilimia 6 ipitie kwanza mikononi mwa daktari wa meno, na wasiotimiza miaka 18 wasipewe. Meno yaliyotoboka hayana budi kutibiwa kwanza, kwani dawa ikiingia katika tundu hufika mahali penye uhai. Watu wa huko wanaye daktari wa meno mtaa wa pili. Binti wa Kyerwa, ambaye daktari wa meno kwake ni safari ya kutwa nzima, akinunua kichupa kile kile sokoni bila kujua nguvu yake, hanunui kitu kile kile. Usalama haukuwa ndani ya dawa peke yake. Ulikuwa pia ndani ya yule anayeisimamia.

Tuseme, hata hivyo, daktari yupo na fedha ipo. Je, ni halali?

Wako watakaojibu upesi kwamba si halali, kwa kuwa ni kasumba ya kikoloni, na kwamba anayeng'arisha meno ni ndugu wa anayejichubua ngozi kwa mkorogo. Ninaiheshimu hoja hiyo, lakini naona imeharakishwa. Taifa letu limewahi kujaribu kuulinda utamaduni kwa njia ya kuikagua miili ya watu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo tangu Januari 1969 ilipiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Nia yake naifahamu, maana ilikuwa ni nia ya taifa changa lililotaka kujitazama kwa macho yake lenyewe. Lakini kilichotokea mitaani ni kwamba wasichana walisimamishwa na kudhalilishwa na vijana wa kiume kwa jina la heshima ya Mwafrika. Na katika miaka hiyo hiyo serikali hiyo hiyo iliwaagiza Wamasai waache vazi lao na rangi nyekundu ya miilini mwao, wavae suruali, waonekane watu wa kisasa. Huku Mwafrika akikatazwa kufanana na mgeni, kule akilazimishwa. Ukiyaweka mawili hayo pamoja utaona kwamba utamaduni haukulindwa. Aliyebadilika ni mwenye rungu tu.

Nchi ya Karagwe inao mfano wa kale zaidi, nao unanifundisha kuliko huo. Mwezi Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, katika ikulu ya Mfalme Rumanyika. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 alisimulia habari za wanawake wa nyumba ya mfalme, waliolishwa maziwa mpaka wasiweze kusimama, kwa kuwa unene ndio uliokuwa uzuri wao. Alimpima mmoja wao, shemeji wa mfalme, kwa kamba ya kupimia, kifua, mkono na paja, akaandika hesabu. Pembeni alikuwapo binti wa yule mama, mwenye umri wa miaka kumi na sita, akinyonya chungu cha maziwa, na baba yake amesimama kando na fimbo mkononi, ili asiache.

Kila ninapofikiri juu ya habari hiyo huona watu wawili wenye vipimo. Mmoja ni mgeni na kamba yake, aliyekuja kuupima mwili wa Mwafrika kama kioja. Kwake huyo tumekwisha kujifunza kukasirika. Wa pili ni baba na fimbo yake. Huyo si mgeni. Huyo ni wa kwetu, na bila shaka alimpenda binti yake, na alitaka apate mume wa daraja lake. Ukoloni haukumfundisha kushika fimbo ile, ulikuwa haujafika. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila uzuri wa asili ulikuwa mwema na kila uzuri wa kuletwa ni mbaya. Leo hakuna binti wa Karagwe anayetaka kunenepeshwa hivyo, wala hakuna anayeuita ule upotevu wa mila. Wajapani wa tabaka la juu kwa karne nyingi waliyatia meno yao weusi kwa dawa ya chuma, na weusi ule ukawa heshima ya mwanamke aliyeolewa. Serikali yao iliupiga marufuku kwa wakuu mwaka 1870, na mwaka 1873 malkia wao akajitokeza mbele ya watu na meno meupe. Rangi inayopendeza hubadilika. Isiyobadilika ni fimbo.

Na fimbo ya siku hizi haina mshikaji anayeonekana. Madaktari wa meno wanacho kipimo chenye vijino 16 vya rangi mbalimbali, ambacho hukilinganisha na meno ya mgonjwa. Hakuna hata kijino kimoja katika hivyo kilicho cheupe kama meno ya watu tunaowaona katika matangazo. Yaani weupe unaotangazwa umevuka hata rangi ambazo jino la mwanadamu huwa nazo. Binti wa Nkwenda anashindana na kitu ambacho hakuna mama aliyewahi kukizaa.

Ningeweza kuishia hapo kama si mwalimu mmoja niliyefanya naye kazi zamani, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Meru. Alikuwa mcheshi sana kwa maneno, lakini sikumwona akicheka kwa kinywa wazi hata siku moja. Maji ya kwao yana floraidi nyingi kupita kiasi. Madini hayo hayo, ambayo kidogo yake huliimarisha jino, yakizidi wakati meno ya mtoto yanajengeka chini ya ufizi, huliharibu: likatokeza na mabaka ya kahawia, pengine na vishimo. Magadi yanayotiwa katika makande na mboga huongeza madhara. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Nchi yetu mwaka 1974, kwa kukosa njia nyingine, iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 vijijini, na ni baadaye sana ilipofika kwenye 1.5. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Rangi ya meno ya mwalimu yule haikuandika ukarimu wa mtu yeyote. Iliandika kisima ambacho hakukichagua. Haisuguliki, kwa kuwa imo ndani ya jino.

Je, nimwambie huyo kwamba aridhike na rangi aliyojaliwa? Siwezi. Nikimwambia hivyo nitakuwa nimegeuza falsafa yangu kuwa fimbo nyingine. Kama daktari anaweza kumpa kicheko chake, na akipewe. Deni, hata hivyo, si lake. Ni la wote ambao tungeweza kumpelekea maji safi utotoni na hatukumpelekea. Kuyang'arisha meno ya mtu mmoja mmoja huku watoto wa kijiji chake wakiendelea kuyanywa maji yale ni kufuta maandishi na kumwacha mwandishi akiendelea kuandika.

Hivyo siwezi kutoa hukumu moja kwa wote. Rangi moja, ya kahawia, iko katika vinywa viwili. Katika kimoja ni kumbukumbu, katika kingine ni jeraha. Anayejua ni ipi ni mwenye kinywa, mradi aachwe aseme mwenyewe kabla hajatiwa aibu. Wazee wa pwani walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, nami nadhani walimaanisha kwamba kuna kukosa kusikozibwa na pambo. Lakini hawakusema mwenye pengo achekwe.

Ndoa ilifanyika. Mganga wa meno aliyemwona binti yetu alimkataza ndimu na majivu, akampaka dawa ya floraidi, akamshauri atumie dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya ganzi. Ganzi ilipungua baada ya miezi kadhaa, ingawa kingo zile nyembamba zitabaki hivyo. Kabla ya siku ya harusi nilimwita kando, nikamkumbusha ile picha ya darasa la saba, nikamwomba radhi. Aliniambia, "Baba mdogo, mimi nilidhani umesahau." Hakusema kwamba amenisamehe, wala sikumwuliza.

Siku ya harusi wageni wa upande wa mume walipokelewa kama ilivyo desturi. Bibi ndiye aliyefungua kifurushi cha jani la mgomba, binti akazunguka na ungo akiwagawia buni, mmoja baada ya mwingine, mpaka akamfikia yule aliyetoa mzaha. Huyo alichukua buni mbili, akaitia moja kinywani, na nyingine akamrudishia bibi harusi. Binti aliitazama kwa muda. Meno yake yalikuwa bado hayawezi kuipasua, basi akaifunga katika pindo la khanga yake.